Kisanduku cha Bakshishi

Sehemu ya saba

Komeo liliingia mahali pake. Klak.

Ndiyo, msomaji, ni mlio ule ule uliokuacha na gazeti mkononi Jumamosi iliyopita. Chumba cha kufungia mizigo kilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo sasa ulikuwa nyuma ya mgongo wa Mama Gundi.

"Shikamoo, Mama," alisema Mtaalamu.

Hakuna aliyeitika. Salamu ilianguka sakafuni, katikati ya vipande vya karatasi na mabaki ya selotepu, na watu watatu wakaitazama pale ilipoangukia.

Mama Gundi, mkuu wa wafungaji, alishika kisu cha kukatia katoni. Hakumwelekezea mtu. Alikuwa anakifungua na kukifunga kwa dole gumba, tki, tki, kama mtu anayewaza mambo yake.

"Shikamoo yako irudishe mfukoni," alisema. "Hapo mfukoni, zilipo bakshishi zetu."

"Mama, usimtishe," alisema Redio, binti aliyekaa juu ya meza ya kufungia akining'iniza miguu. Jina la Redio alipewa kwa sababu hajawahi kuzimwa. "Atakwenda kuandika kwenye kompyuta yake kwamba tumemtisha."

"Ameshaandika mengi," alisema Mrefu. Huyu alisimama kando ya rafu, na kichwa chake kilikuwa sawa na ile ya juu kabisa. Hakuwa mtu wa maneno. Ndiyo maana lile neno dogo likamchoma Mtaalamu kuliko kisu.

Kwa aliyeanza kutusoma leo, habari yenyewe ni fupi. Shangazi ana duka la mtandaoni la vyombo vya nyumbani: sahani, majagi, glasi, sufuria. Mtaalamu ni binti wa kaka yake, ametoka chuo na cheti bado kinanuka wino, na ndiye aliyelitengeneza duka hilo mtandaoni. Ndiye pia aliyeweka, kwa moyo safi kabisa, kisanduku kidogo kwenye ukurasa wa malipo. Kisanduku kinasema: "Ongeza bakshishi kwa waliokufungia mzigo." Wateja wakakipenda. Wakabonyeza.

Wafungaji hawakuambiwa kitu.

"Wifi yangu amenunua jagi hapa," Mama Gundi alisema. "Limefika zima, limefungwa kama mtoto mchanga. Akanipigia. Wifi, nimewaachia kitu kidogo, mmekipata? Nikamuuliza, kitu gani? Akanionyesha simu. Maneno matamu hayo! Waliokufungia mzigo. Waliomfungia ni akina nani? Ni mikono ya nani hii?"

Aliinyanyua. Ncha za vidole zilikuwa zinang'aa kwa gundi iliyokauka, kama zimepakwa rangi ya kucha mahali pasipo kucha.

"Pesa zinaingia kwenye akaunti ya duka," Mtaalamu alisema haraka. "Shangazi aliniambia atawaeleza mwenyewe, na kila mwisho wa mwezi atawagawia. Mimi nilidhani..."

"Amedhani!" Redio alipiga meza. "Mrefu, umesikia? Chuo chote kile, miaka yote ile, amekwenda kusomea kudhani."

"Sijala hata senti moja, naapa."

"Usiape humu, kuna vyombo vya watu," alisema Redio.

Wakacheka. Si kicheko cha kukaribisha mtu. Mtaalamu naye alijaribu kutabasamu, na hilo likawaudhi zaidi.

"Haya, tuache bakshishi," alisema Mrefu. "Tuje kwenye mabakuli. Nani alimwambia bosi kwamba mabakuli ya sukari yanapungua na hakuna aliyeyanunua?"

"Mfumo ulionyesha kwamba..."

"Nimeuliza nani."

"Mimi."

Tki, kikasema kisu. Tki.

"Basi nikupe habari ambayo huko ghorofani kwenu hamjaipata," alisema Mama Gundi, na sauti yake ilishuka badala ya kupanda. "Shangazi yako ameshuka hapa leo asubuhi. Amesema mwizi wa mabakuli yumo chumba hiki, na mkuu wa chumba ni mimi. Ameita polisi. Wanakuja leo. Mimi, mama wa watu wazima, nitoke hapa nimeshikwa mkono na polisi, nipite mtaani kwangu mchana kweupe. Kesho wanangu wapite wapi? Nani tena atanipa kazi ya kushika mali yake? Kwa sababu wewe umeona kitu kwenye kioo cha kompyuta."

Mtaalamu alikuwa amepeleka taarifa ile kama anayepeleka kikombe cha maji kwa mgonjwa. Mabakuli yanatoka, hayauzwi, Shangazi tafadhali angalia. Hakufikiri kama mwishoni mwa taarifa ile kungekuwa na pingu.

Wakati huo huo printa kwenye kona ilikohoa, ikatoa karatasi.

Wote wanne waliitazama. Vita ni vita, lakini oda ni oda, na oda ikichelewa Shangazi hukata mshahara bila kuuliza nani alikuwa anagombana na nani.

"Soma," Mama Gundi alimwambia Redio bila kuondoa jicho kwa Mtaalamu. "Na wewe usisogee. Hatujamaliza."

Redio alichana karatasi. Haikuwa na jina la chombo hata kimoja, namba tu. Hiyo ilikuwa amri ya Shangazi: majina marefu yanakula wino, halafu wafungaji wakisoma majina wanaanza kubishana kama kikombe hiki ni cha chai au cha kahawa. Msisome, chukueni. Rafu imeandikwa namba, karatasi imeandikwa namba, mkono uende.

"Rafu ya nne, moja," Redio aliimba. "Rafu ya kumi na tisa, moja. Rafu ya thelathini na mbili, moja."

Mkono wa Mrefu ukaenda.

Simu ya Mtaalamu ilitetemeka mfukoni. Kila oda iliyoingia dukani ilimfikia na yeye. Aliitazama kwa mazoea tu, kama mtu anavyotazama saa na asijue saa ngapi.

Jagi la kioo, moja. Seti ya sahani, moja. Bakshishi kwa waliokufungia mzigo.

Akainua macho. Mrefu alikuwa ameshaweka jagi mezani. Akaweka sahani. Kisha akapiga hatua hadi mwisho wa ukuta, akanyoosha mkono, akarudi na bakuli la sukari. La bluu, na mfuniko wake wenye kishikio kidogo kama chozi.

"Hilo la nini?" aliuliza Mtaalamu.

"La oda."

"Huyu mteja hajanunua bakuli."

"Thelathini na mbili, moja," alisema Redio. "Nikusomee tena au nikuandikie kwenye mfumo?"

"Kanunua jagi na sahani tu. Cha tatu ni..."

Hakumaliza. Akashika ukingo wa meza.

Maana sasa alikuwa amekumbuka. Siku ile anatengeneza kisanduku, mfumo wa duka ulimgomea. Mfumo haukujua kitu kinachoitwa bakshishi. Ulijua bidhaa, basi. Kwa hiyo akaiingiza bakshishi kama bidhaa, kama sahani, kama sufuria. Mfumo ukamuuliza: bidhaa hii ipo rafu ya ngapi? Akaacha wazi. Ukakataa. Akaandika sifuri. Ukakataa. Akatazama rafu zote, akaona moja haina kitu, ile ya mwisho kabisa ukutani, akaiandika hiyo ili tu aachwe apite. Thelathini na mbili. Mfumo ukakubali, na yeye akaenda kunywa chai akijisifu.

Hakushuka chini kuangalia. Wala hakumwambia mtu. Na mabakuli ya sukari yalipoletwa, yalipangwa kwenye rafu hiyo hiyo iliyokuwa imebaki wazi.

Kila mteja aliyewakumbuka wafungaji alipelekewa bakuli. Kila bakuli lililopelekwa, wafungaji wakahesabiwa wizi.

"Mrefu," alisema kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, "mabakuli hayaibwi. Mnayafunga wenyewe. Mnawapelekea wateja."

"Unatuita wendawazimu sasa?"

"Hapana! Nisikilizeni. Kosa ni langu."

Akawaeleza. Akaeleza vibaya, kwa haraka, akirudi nyuma, akichanganya mfumo na rafu na kisanduku, lakini mwisho wakamwelewa, kwa sababu alichukua karatasi ya oda na simu yake akaziweka pamoja mezani, na kila mmoja akaona kwa macho yake.

Ungetegemea nini hapo, msomaji? Mimi ningetegemea mtu ashukuru. Ningetegemea walau Mama Gundi aketi, apumue, amwambie mwanangu, umenitoa kaburini.

"Kwa hiyo wewe ndiye," alisema Mama Gundi, "uliyeyatoa mabakuli, halafu wewe ndiye uliyekwenda kusema tumeyaiba."

"Sikujua, Mama."

"Usiniite Mama. Mama yako angekufundisha kushuka ngazi ukaangalia kabla ya kusema."

Hilo lilimfika. Mama yake alikuwa marehemu, na baba yake pia, na Mama Gundi alijua.

Redio alitazama pembeni.

"Utayasema maneno haya mbele ya bosi?" aliuliza Mrefu.

"Nitayasema."

"Mbele ya polisi?"

"Nitayasema hata..."

Mlango uligongwa kwa kiganja, mara nyingi, bila mpango.

"Nani amefunga mlango wangu? Fungueni mlango wangu!"

Mama Gundi alivuta komeo. Manukato yakaingia kwanza, kisha Shangazi, miwani juu ya kipaji cha uso, funguo zikilia kiunoni. Alikuwa mwanamke anayesema "wangu" kwa kila kitu: mlango wangu, katoni zangu, wateja wangu, mvua hii inanyesha kwenye paa langu.

"Mnafanya kikao? Kwa mshahara wangu?"

"Shangazi," alisema Mtaalamu, "hakuna mwizi. Nimegundua. Mabakuli yanakwenda na bakshishi. Nilikosea namba ya rafu, na kila anayetoa bakshishi anapelekewa bakuli. Wateja wanayo. Mpigie polisi asije."

Uso wa Shangazi haukubadilika hata kidogo. Hakushangaa, hakukasirika, hakuuliza.

"Njoo huku," alisema.

Akamvuta nyuma ya rundo la katoni tupu, ambalo lilipangwa hadi karibu na dari. Huko akaanza kunong'ona. Lakini minong'ono ya Shangazi ni ile inayowaamsha majirani.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Hayo ya mabakuli. Wateja wananiandikia. Asante kwa zawadi, asante kwa zawadi. Unadhani mimi ni mjinga, nisijue mali yangu inakwenda wapi?"

Mtaalamu alimkodolea macho. "Sasa polisi wa nini?"

"Wa yule." Shangazi alielekeza kidevu kwenye katoni, upande aliko Mama Gundi. "Ameanza kuuliza habari za bakshishi. Leo anauliza yeye, kesho wanauliza wote. Nikimwondoa hivi hivi, nimlipe kiinua mgongo cha kazi yote aliyofanya. Akiondoka kwa wizi, anaondoka na kanga yake tu. Na mdomo wake nani atausikiliza?"

"Lakini bakshishi ni zao! Kisanduku kinasema ni zao!"

"Kisanduku umekiandika wewe. Mishahara yao unadhani tangu uweke hicho kisanduku inatoka wapi? Inatoka humo humo. Mteja anawalipa, au mimi nawalipa, mkononi mwao inafika vilevile. Tofauti iko wapi?"

"Tofauti ni kwamba wewe huwalipi tena."

Shangazi alishusha miwani machoni, akamtazama mtoto wa kaka yake kana kwamba ni mara ya kwanza anamwona amesimama bila kushikwa.

"Nikukumbushe," alisema. "Kaka yangu alipoondoka, ni nani aliyekufuta kamasi? Ni nani aliyeuza cherehani zake usome? Ulipougua, nani alilala chini kwenye sakafu ya hospitali? Sijakutuma useme uongo. Sijafika huko. Nimekutuma unyamaze. Polisi akija, wewe nyamaza, basi. Ni kazi ngumu hiyo?"

Yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Mtaalamu alikumbuka ile sakafu ya hospitali. Alikumbuka kanga ya Shangazi iliyotandikwa chini, na mkono wake uliokuwa ukipanda kitandani kila mara kumgusa kama bado ana homa. Kwa kitambo alitamani kweli kunyamaza. Angenyamaza, arudi ghorofani, afunge mlango, na dunia iendelee kununua sahani.

Badala yake akatoa simu.

"Unafanya nini?"

Akafungua duka. Ukurasa wa malipo. Hariri. Akakitafuta kile kisanduku, kile alichokiandika kwa furaha, akijiona anafanya jambo jema kwa watu ambao hajawahi hata kunywa nao chai. Kama hakiwezi kuwafikia wanaotajwa, basi kisimtaje mtu.

Futa. Una hakika? Ndiyo.

"Nimekiondoa," alisema. "Hakuna mteja atakayedanganywa tena kwa mkono wangu."

Kofi lilitua kabla hajarudisha simu mfukoni. Lilikuwa kofi kamili, la kiganja chote. Katoni ya juu ilitikisika, ikaanguka, ikajiviringisha hadi miguuni mwa Redio.

Upande wa pili kukawa kimya kiasi kwamba ungeweza kusikia selotepu ikijibandua.

"Hodi humu ndani!" sauti ya kiume iliita mlangoni. "Ni nani aliyeita polisi?"

Afande alikuwa mtu mnene, amechoka na jua, kofia kwapani na leso shingoni. Alitazama mezani, akatazama rafu, akamtazama binti mwenye alama ya vidole shavuni, akachagua kutouliza.

Shangazi alijitokeza nyuma ya katoni akitengeneza ushungi. "Mimi, afande. Karibu. Ni habari ya mabakuli yangu."

"Mtuhumiwa ni nani?"

Shangazi alinyoosha kidole. Kilikuwa njiani kuelekea kwa Mama Gundi, wote walikiona, Mama Gundi mwenyewe alishakinyooshea mgongo kukipokea.

"Afande, ni mimi," alisema Mtaalamu.

Kidole kikasimama hewani.

"Mabakuli yametoka kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyeweka namba. Hawa hawajaiba kitu. Walifuata karatasi tu, na karatasi ilikuwa inafuata kosa langu." Alisema yote, safari hii kwa mpangilio, kama anayejibu mtihani. Mfumo, rafu, bakshishi, bakuli. "Na Shangazi anajua. Amekuwa anajua."

Afande alikuna shingo kwa leso. "Hicho kisanduku cha bakshishi, nakionaje?"

"Kwenye ukurasa wa malipo."

Afande akatoa simu yake mwenyewe, akaingia dukani. Akatia sahani moja kikapuni. Akaenda kwenye malipo. Akatelezesha kidole chini, akatelezesha juu, akatelezesha tena.

"Hakuna kisanduku hapa, binti."

Mtaalamu aliitazama simu iliyokuwa bado mkononi mwake.

Na Shangazi, msomaji wangu, Shangazi akatabasamu. Tabasamu dogo sana, la mtu aliyeokota njiani kitu alichokuwa amekata tamaa nacho. Kidole kile kilichosimama hewani kikageuka taratibu, kikatua kwa mtoto wa kaka yake.

"Amekifuta sasa hivi, afande. Mbele ya macho yangu. Nimejaribu kumzuia, ndiyo maana ya hilo shavu." Sauti yake ikalegea, ikapata machozi. "Mtoto niliyemlea. Roho inaniuma. Lakini umemsikia mwenyewe: ametoa mali yangu dukani bila ruhusa, na ushahidi ameufuta. Duka ni duka."

"Si kweli!" Mtaalamu alipiga ukelele. "Nilikifuta kwa sababu..."

"Umekifuta au hukukifuta?" aliuliza Afande.

"Nimekifuta, lakini..."

"Na mabakuli uliyatoa wewe?"

"Kwa kosa..."

"Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

Afande alivuta pumzi ndefu ya mtu anayejua sasa ataandika. Akatoa karatasi, akailaza mezani kati ya jagi na sahani. "Nahitaji shahidi aliyemsikia akikiri. Tofauti na mlalamikaji."

Shangazi alikuwa ameshafika. Alimshika Mama Gundi bega, kwa upole, kama watu waliokua pamoja.

"Dada yangu," alisema. "Nisamehe. Nilikudhania vibaya, nimeona kwa macho yangu sasa. Kesho uko kwenye meza yako, na mtu asikusumbue tena. Na ile asante yenu, ile ya wateja, nawalipa leo leo. Wewe umemsikia huyu akikiri. Mwandikie afande mstari mmoja tu. Nilimsikia akikiri. Jina lako. Kwisha."

Chumba kizima kikamgeukia Mama Gundi.

Hakumtazama Mtaalamu. Alikuwa anabandua ukanda wa gundi kutoka kwenye kidole cha shahada, polepole, akiuviringisha kuwa kidonge.

"Asante yote?" aliuliza.

"Yote."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ya Mrefu? Na ya huyu Redio?"

"Na yao. Mbele ya afande naahidi."

"Mama," Redio alianza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, "Mama, si tulisikia wote pale nyuma ya..."

"Nyamaza wewe." Mama Gundi alinyoosha mkono kwa Afande. "Nipe kalamu."

Mtaalamu alifumba macho. Hakuwa na hasira, na hilo lilimshangaza. Angemlaumu kwa lipi? Wamechukuliwa chao kwa kisanduku chake, wameitwa wezi kwa taarifa yake, na sasa wanarudishiwa haki yao kwa bei ya mtu waliyekuwa hawampendi tangu awali. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunga ndani ya hilo boksi na kubandika selotepu juu. Alisikia pingu zikitolewa kiunoni mwa Afande, chuma kikigonga chuma.

Alisikia pia kalamu. Kalamu ilikuwa inakwaruza. Ikaendelea kukwaruza. Haikuacha.

Alifumbua jicho moja.

Mama Gundi alikuwa ameinama mezani, ulimi umejitokeza pembeni mwa mdomo, akiandika herufi kubwa kubwa, zilizobanana kama sahani kwenye katoni. Mstari mmoja alishaupita zamani. Alikuwa karibu na mwisho wa karatasi.

"Mstari mmoja unatosha, mama," alisema Afande.

Aliigeuza karatasi, akaanza upande wa pili.

Tabasamu la Shangazi lilibaki usoni, lakini lilikuwa kama kitu kilichosahauliwa pale na mtu mwingine. "Unaandika nini wewe?"

"Afande ameniuliza nimesikia nini." Mama Gundi alisema bila kuinua kichwa. "Katoni tupu si ukuta, mama mwenye duka. Nimezipanga mwenyewe, najua zinavyopitisha sauti."

"Ya leo yamekwisha! Nimekwambia nakulipa!"

"Ya leo nimeyamaliza huko juu, upande ule mwingine." Kalamu ilisimama kidogo, kama inayotafuta neno, kisha ikaendelea. "Lakini mimi nimefanya kazi nyuma ya hizi katoni tangu siku ulipofungua duka. Sikuanza kusikia leo."

Rangi ilimtoka Shangazi usoni, yote, hadi midomoni. Funguo zikalia kiunoni ingawa hakuwa amepiga hatua.

Afande, ambaye alikuwa anasoma juu ya bega la Mama Gundi, alizirudisha pingu mahali pake taratibu sana, bila kuondoa macho kwenye karatasi. Akafika kwenye mstari fulani. Akausoma tena. Kisha akainua uso, akamtazama mwenye duka.

"Afande," alisema Mama Gundi, akipuliza wino ukauke, "niongezee karatasi."